Nilivyoiondoa lantana malishoni

Ng'ombe aliyezaliwa penye lantana, kichaka chenye sumu kwa mifugo, huipita tu, mradi nyasi zipo. Anayekufa ni ng'ombe wa kununua, aliyetoka sehemu isiyo na kichaka hicho, akashuka garini na njaa na kufunguliwa malishoni kiangazi. Kwa hiyo mgeni namfungia zizini siku kadhaa, ale nyasi kavu ashibe, ndipo atoke.

Sumu iko kwenye majani. Inasimamisha tumbo kubwa, mnyama anaacha kucheua, na majani yanabaki mle mle yakiendelea kutoa sumu kuelekea ini. Nyongo ikizibika, mabaki ya ukijani wa nyasi hubaki kwenye damu, na jua likiyapata kwenye ngozi, linachoma. Ndiyo sababu mabaka meupe, pua, kope na chuchu hubabuka huku sehemu nyeusi zikiwa nzima. Wengi hudhani ni ugonjwa wa ngozi na kupaka dawa, wakati kinachoua kiko tumboni. Funua kope: ukiona manjano, na kinyesi ni kigumu na kidogo, usingoje.

Kwanza kivuli, tena kizito. Kisha daktari wa mifugo apitishe mpira hadi tumboni na kumpa unga wa mkaa wa dawa, gramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji kilo moja na nusu, ndani ya lita 20 hivi za maji yenye chumvi za kuongeza maji mwilini. Mkaa wa jikoni haufai. Kumnywesha kwa chupa pia naogopa, maana yakiingia mapafuni umemuua wewe.

Kufyeka nilikuta ni kazi bure: shina moja linarudi na matawi mengi. Sasa nangoja mvua ilainishe udongo, nakata na kuacha kisiki cha kufika magotini cha kushikia, nachimba kuzunguka kwa sururu na kung'oa shina pamoja na kitako chake. Kazi hii iishe kabla matunda hayajawa meusi, kwani ndege huyala na kutawanya mbegu. Majani yaliyokauka bado yana sumu. Usiyaache chini, yarundike nje ya uzio uyachome. Pale pale napanda nyasi za malisho za boma rhodes, na kila baada ya mvua narudi kung'oa miche kwa mkono.