Siku moja maishani mwangu: injini kumi na sita, zote zimelala

Saa 2:15 asubuhi. Mezani leo kuna saketi ya chipu: dikoda (kisahihishi cha makosa ya data) ya Reed-Solomon (255,239), ile ya kiwango cha ITU-T G.709 kwa mawasiliano ya mkongo. (Si king'amuzi cha TV, kama ndugu wengi wanavyodhani.) Kila bloku ina baiti 255: 239 za data, 16 za ulinzi, na inaweza kurekebisha hadi baiti 8 mbovu. Bloku 16 hupita sambamba, biti 128 kwa kila mdundo wa kloku. Kwa Gb/s 10.709, kloku ni kama MHz 83.7, yaani mdundo mmoja ni karibu nanosekunde 12. Kwa mwendo hatuna shida. Shida ni eneo, yaani nafasi ambayo saketi inakula kwenye chipu.

Saa 3. Ripoti ya usiku ya sinthesisi (kugeuza msimbo wa usanifu kuwa saketi). Saketi za sindromu (baiti 16 zinazoonyesha kama bloku ina kosa) na za kutafuta mizizi inayotaja mahali pa kosa (Chien) zina kazi midundo yote 255, kwa hiyo haziguswi. Mlafi ni injini ya Berlekamp-Massey, inayogeuza sindromu kuwa polinomia za kutafutia makosa. Muundo wake tunaotumia, RiBM, una seli 25, kila seli vizidishi viwili, jumla 50. Kizidishi kimoja cha biti 8 kinakula geti 64 za AND na 49 za XOR, bado zile XOR za kurudisha jibu ndani ya biti 8. Injini 16 ni vizidishi 800, na kila injini inamaliza bloku yake kwa midundo 16 kisha inalala 239.

Saa 4. Wazo linalomjia kila mtu: injini moja ihudumie bloku zote kwa zamu. Piga hesabu: 16 × 16 = 256. Tunazo 255! Mdundo mmoja umepungua, na wa kupakia sindromu hujauhesabu. Simulesheni ya bloku moja moja haitakuonyesha kitu, maana kuna mapumziko katikati. Pitisha mfululizo, uone foleni inavyorefuka hadi sindromu mpya zinafuta za zamani kabla hazijasomwa.

Injini hiyo moja ingeweza kukimbizwa kwa kloku maradufu, lakini hapo unaongeza mti wa pili wa kloku na ukaguzi wa muda kati ya kloku mbili. Injini mbili ni nafuu: kila moja bloku 8, midundo 17 pamoja na kupakia, jumla 136. Vizidishi vimeshuka hadi 100.

Saa 5:30. Bei ya foleni. Sindromu zinazosubiri (16 za biti 8, kwa bloku 16) zinahitaji flipuflopu, yaani vihifadhi vya biti moja moja, 16 × 8 × 16 = 2,048. Majibu nayo hayana pa kukaa, kwa sababu Chien bado inafanyia kazi bloku zilizotangulia: baiti 17 kwa bloku, flipuflopu 2,176. Mlangoni mwa injini usiweke multipleksa (swichi ya kuchagua) ya nane kwa moja. Acha rejista zisogeleane kama watu kwenye foleni ya benki.

Memori ya kushikilia data haiongezeki. Kusubiri ni midundo 255 ya sindromu + 136 ya injini, kama 391, na kwenye FPGA (chipu inayoweza kupangwa upya) ya majaribio memori mbili za Kb 36, kina 512 na upana wa biti 72, zinatosha.

Saa 8 mchana. Mahali pa kosa panapatikana sawasawa, thamani ndiyo si yenyewe. Ni Forney, fomula ya kukokotoa thamani ya kosa: polinomia ya pili inayotoka kwenye RiBM si ile ya kawaida, inadai kuzidishwa kwa z¹⁶ (z ni thamani ambayo Chien inaijaribu kwa kila baiti). Jaribio la asubuhi lilipita kwa sababu kosa liliwekwa kwenye baiti ya mwisho, ambako z = 1. Kila mdundo z huzidishwa kwa α, kwa hiyo dawa ni rejista inayozidishwa kwa α¹⁶ kila mdundo; bloku zote zikianza Chien pamoja, rejista moja inatosha zote 16.

Saa 10 jioni. Makosa 9 kwenye bloku. Idadi ya mizizi hailingani na digrii ya polinomia, lakini hilo linajulikana mwisho wa Chien, baiti zikiwa zimeshatoka na pengine zimeharibiwa zaidi. Kuzizuia hadi hapo ni midundo 255 mingine: 646, imevuka 512, na memori mbili zinakuwa nne. Bendera ya «bloku imeshindikana» itatoka mwishoni, na hatua inayofuata ndiyo itakayoitupa bloku hiyo.