Daftari la Baba na Mechi za Alfajiri

Mama alikuwa kwenye eda, mwezi wa tatu, aliponigusa bega usiku na kuuliza, "Leo hawachezi?"

Nilidhani anaota. Ilikuwa Novemba 2021, kwenye saa tisa hivi za usiku, na tangu tumzike Baba mwishoni mwa Agosti nilikuwa nalala naye chumba kimoja.

"Hawachezi nani, Mama?"

"Hao Kansas wa baba yako. Si ndio msimu wao umeanza?"

Nikapapasa simu. Kweli walikuwa uwanjani, New York, wanacheza kikapu na Michigan State, timu ya chuo kingine cha Marekani. Nikamsomea matokeo mpaka mwisho: 87 kwa 74, Kansas wameshinda. Akasema haya, akageukia ukutani. Mwanamke aliyelalamika miaka thelathini kuhusu taa inayowashwa usiku wa manane na redio inayokoroma, sasa hapati usingizi mpaka ajue wale vijana wa watu wamefanyaje.

Nieleze kidogo, maana hata hapa Ngamiani, Tanga, wapo waliomwona Baba na fulana yake ya bluu miaka na miaka, wasijue yule kasuku aliyevaa viatu ni wa nini. Si kasuku. Ni Jayhawk, ndege ambaye hayupo duniani, nembo ya Chuo Kikuu cha Kansas. Baba alikwenda kusoma shahada ya uzamili ya elimu huko Lawrence, mji wa chuo hicho, mwaka 1986, mwalimu wa Tanga ambaye alikuwa hajawahi kuvaa koti zito. Baridi ilimfukuza barabarani ikamwingiza Allen Fieldhouse, uwanja wa ndani wa chuo unaobeba watu zaidi ya elfu kumi na sita. Alisema aliingia kutafuta joto, akatoka na timu.

Alitusimulia mambo ya mle ndani mpaka tukayakariri. Wachezaji wageni wakitambulishwa, wanafunzi hufunua magazeti wakajifanya wanasoma, hawana habari nao. Wakiingia wenyeji, magazeti yanachanwa vipande na kurushwa juu. Na ule wito wao, "Rock Chalk, Jayhawk, KU", unaimbwa polepole kwa kuvuta, kama watu wanaitikia dhikri. Hayo ni maneno yake, masheikh wanisamehe. Aliyebuni mchezo wa kikapu, James Naismith, ndiye aliyekuwa kocha wa kwanza pale, na kaburi lake liko mji huohuo. Baba alikwenda kulizuru. Alipenda kutukumbusha kwamba katika makocha wote wa Kansas, ni huyo mwenye mchezo wake peke yake aliyefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda.

Tarehe 4 Aprili 1988 Kansas wakatwaa ubingwa wa vyuo Marekani, wakiifunga Oklahoma 83 kwa 79. Walikuwa wameshapoteza mechi kumi na moja msimu ule, hakuna aliyewapa nafasi. Danny Manning alifunga pointi 31 akadaka rebaundi, yaani mipira iliyokosa goli, 18. Baba alikuwa mtaani Lawrence usiku ule, akikumbatiwa na watu asiowajua. Na mwaka huohuo Coastal Union, timu ya soka ya hapa Tanga, wakawa mabingwa wa Tanzania Bara. "Themanini na nane, timu zangu zote mbili," alikuwa akisema, na mashabiki wa African Sports, watani wao wa mtaani, wakiondoka barazani mmoja mmoja, maana wanajua hadithi inayofuata ni ndefu.

Akarudi nyumbani mwaka huo, na hapo ndipo ushabiki ulipogeuka kazi. Alinunua daftari la kaunta lenye jalada gumu. Kila mstari una tarehe, mpinzani, matokeo ya nusu ya kwanza, matokeo ya mwisho, na neno moja au mawili. Miaka ya mwanzo mistari ni michache: kile alichookota kwenye redio ya masafa mafupi, au kwenye vipande vya gazeti ambavyo rafiki yake wa Lawrence alimtumia kwa posta, vikifika mechi imeshapoa mwezi mzima. Mwaka 2008, Mario Chalmers wa Kansas aliposawazisha fainali zikiwa zimebaki sekunde mbili na kidogo, Baba alikuwa hajui lolote. Asubuhi yake alisimama mlangoni pa kafe ya intaneti kabla haijafunguliwa. Ukurasa aliochapishiwa siku ile amebandika kwa gundi ya ubuyu, na mchwa wameuheshimu.

Kipindi Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu, anachezea chuo cha Connecticut, nchi nzima tulikuwa Connecticut. Baba aligoma. "Hasheem ni mtoto wetu, namwombea dua kila siku. Timu yake siijui." Nilimwona mkaidi. Sasa namwelewa zaidi, ingawa bado naona angeweza kulegeza kidogo, kijana mwenyewe wa kwetu.

Baada ya arobaini ndugu waligawana nguo na vitabu. Daftari hakulitaka mtu, nikalichukua mimi. Mstari wa mwisho aliandika Machi 2021, mkono umeshaanza kutetemeka: USC, 51 kwa 85. Neno lake: "Aibu." Juu yake kidogo, Machi 2020, mashindano yalipofutwa kwa sababu ya korona huku Kansas wakiwa namba moja, hakuna matokeo. Ameandika tu "Wametunyang'anya", akapiga mstari mara mbili.

Ile "aibu" ilinikaa. Mtu ameandika miaka thelathini na tatu, kisha neno lake la mwisho liwe lile. Baada ya usiku ule wa Michigan State nikachukua kalamu, nikaongeza mstari.

Sikuwa najua kikapu. Shuleni nilicheza netiboli, na nilidhani tofauti yake ni kudunda mpira tu. Ikabidi nijifunze kwa ajili ya Mama, kwa sababu alikuwa akiuliza maswali. Eda ni ndefu, wageni wanapungua baada ya mwezi wa kwanza, na mazungumzo ya kumtaja marehemu moja kwa moja yalimliza. Tukizungumza Kansas, tulikuwa tunamzungumza Baba bila kumtaja. Ratiba nilibandika kabatini, saa nimezigeuza za kwetu. Nilinunua bando la usiku, mara mbili likakata mechi haijafika kati, Mama akasema baba yako angalau redio yake haikuwa inaisha. Januari eda ikaisha, akavua nyeupe zake. Nikadhani na mechi zimekwisha. Mwisho wa mwezi Kentucky wakaja kutufunga 80 kwa 62 nyumbani kwetu, Mama akaniambia niandike "Aibu" ileile. Nikaandika. Nilishtuka baadaye kwamba nimesema "kwetu".

Fainali ilichezwa New Orleans, usiku wa tarehe 4 Aprili 2022, tarehe ileile ya 1988. Hapa ilikuwa tayari tarehe 5, saa kumi na dakika ishirini alfajiri, mwanzoni mwa Ramadhani. Kwa hiyo safari hii hatukuamshana, tulikuwa macho kwa daku kama mji mzima. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, wali wa jana na mchuzi wa samaki, picha inaganda kila dakika. North Carolina walitutandika. Kufika mapumziko ni 40 kwa 25. Mama akasukuma sahani. "Zima. Ndivyo walivyomfanyia miaka yote." Adhana ikatoka, tukaswali.

Mimi niliyeleta nyiradi haraka nakiri kosa langu. Nilipowasha simu, zile pointi kumi na tano zilikuwa zinayeyuka. Nikamwita Mama, akaja na msala mkononi, hakukaa. Alisimama mpaka mwisho. David McCormack, lile pande la mtu, akafunga la kutupeleka mbele 70 kwa 69, kisha akafunga jingine zikiwa zimebaki sekunde ishirini na kitu. Harris wa kwetu akakanyaga nje, mpira ukarudi kwa North Carolina. Mtupo wao wa pointi tatu ukakosa. Jua lilikuwa limeshatoka. Mchezaji bora wa hatua ya mwisho ni Ochai Agbaji, baba yake Mnigeria. Mama alipenda hilo kuliko kombe.

Nikafungua daftari. Tarehe, North Carolina, 72–69. Nikawa nawaza neno la kuweka mwisho wa mstari.

"Umeruka," Mama akasema juu ya bega langu. "Baba yako alikuwa akiandika na nusu ya kwanza."

Nikaandika 25–40. Akaangalia tena, akachukua msala, akaenda kulala.