Kikapu cha Mkate cha Lisbon

Kabla sijafungua orodha ya vyakula, mhudumu alikwisha kuniwekea mezani kikapu cha mkate, kisahani cha zeituni na vipande viwili vya jibini, akaenda zake bila kusema neno. Mimi niliyelelewa Mombasa, ambako mgeni hupewa kitu mkononi kabla hajaulizwa haja iliyomleta, niliuona ule kuwa ukarimu, nikala zeituni zote na kukifuta kisahani kwa mkate. Bili ilipoletwa nilikuta mstari ulioandikwa couvert, yaani vile vitangulizi vya mezani, yuro tano na nusu, karibu nusu ya bei ya sardini nilizoziagiza kwa kinywa changu mwenyewe.

Nililalamika kwa Kiswahili, nikidhani najisemea peke yangu, kumbe meza ya pili ameketi mzee msafiri kutoka Pemba, ile ya Msumbiji. “Mwanangu,” akasema, “sheria ya hapa iko upande wako mpaka utakapotia mkono. Usichokiagiza wala kukigusa hawawezi kukulipisha. Waambie hutaki, wakiondoe.” Nilimwambia, “Mzee wangu, ungenena mapema,” naye akacheka hadi akakohoa. Akaniusia pia kwamba mchana niziepuke hoteli ambazo mtu husimama mlangoni akipunga picha za vyakula, niingie tasca, mikahawa midogo ya watu wa mtaani, ambako chakula cha siku, prato do dia, huandikwa kwa mkono kwenye karatasi na kubandikwa kiooni.

Sikutaka niwe wa kupokea tu. Mzee alikuwa ameipanda njia yote ya kwenda Castelo de São Jorge, ngome iliyo juu kilimani, kwa miguu, goti likimuuma, kwa hiyo nilimweleza habari ya lifti iliyo ndani ya jengo la Rua dos Fanqueiros, ambayo humpandisha mtu bure hadi Rua da Madalena, na hatua chache mbele, Largo Chão do Loureiro, ipo nyingine inayomfikisha karibu na ngome. Hakuna bango kubwa la kuitangaza, nami niliigundua kwa kumfuata bibi mmoja aliyebeba kapu la viazi. Mzee alilitazama goti lake kwa muda mrefu.

Kuhusu viatu hatukuhitaji kufundishana. Njia za Lisbon zimetandazwa vijiwe vya chokaa vilivyolainishwa na nyayo, na vikiloa huteleza kama sabuni; siku ya kwanza, nikiteremka Alfama, mtaa wa kale wa mlimani, kwa makubadhi ya ngozi, nilikaa chini bila kukusudia mbele ya wanafunzi. Hata hivyo Alfama ndiyo niliyoipenda. Tetemeko la mwaka 1755 liliibomoa Baixa, mtaa wa bondeni, ikajengwa upya kwa barabara zilizonyooka, lakini vichochoro vya Alfama, ambayo jina lake lenyewe ni la Kiarabu, vilibaki na mipindo yake, na nguo zinazoanikwa madirishani zilinifanya nisahau kwa dakika kadhaa kwamba sipo Mji wa Kale wa kwetu Mombasa.

Mzee aligonga meza kwa kidole akaniuliza kwetu tunaiitaje. Nilipomjibu, alisema Wareno nao husema mesa. Nami nikamwambia kwamba neno lao la kanisa, igreja, kwetu limeishia kuwa gereza. Walitolewa Ngome ya Yesu mwaka 1698 na meza tumebaki nayo, kwa hiyo nilimwambia kwamba huenda ile couvert ilikuwa deni la zamani.

Siku ya pili, katika mkahawa mwingine, kikapu kilikuja tena, mkate ukiwa wa moto. Nilisema “não, obrigado”, na mhudumu akakichukua bila kinyongo, akakiweka meza ya jirani, mbele ya wageni wawili waliokuwa wakibishana juu ya ramani. Nilitaka kuwaonya, lakini walikuwa wameshafika kwenye zeituni.