Siku moja maishani mwangu: najifunza mfumo wa mapokezi, Shela

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nateremka gatini, Lamu mjini, napanda boti ya kwenda Shela. Nahodha ananiuliza, "Mwanangu, ile kompyuta imeshakuzoea?" Namjibu, "Yanizoea, Ami." Huu ni mwezi wangu wa tatu mapokezini, katika hoteli moja ya Shela. Kabla ya hapo nilitandika vitanda miaka miwili katika hoteli hiyo hiyo.

Saa moja. Napokea zamu kwa mwenzangu aliyekesha. Kitu cha kwanza ninachotazama ni tarehe iliyo juu ya skrini. Mfumo, yaani programu ya kompyuta inayoendesha hoteli, una tarehe yake ya kazi, na haigeuki saa sita ya usiku kama ya simu. Hugeuka pale mtu wa zamu ya usiku anapofunga hesabu: anatoza kila chumba bei ya usiku ule, analinganisha taslimu, kadi na M-Pesa na risiti zilizotolewa, kisha anafunga siku. Asipofunga, hoteli nzima bado iko jana. Wiki yangu ya kwanza sikulijua hilo, nikawa nashangaa kwa nini mgeni aliyefika alfajiri anasomeka amefika jana.

Saa mbili na nusu wageni wawili wanaondoka, wanataka kujua bili imefikaje pale. Napenda sana swali hili. Bei yetu imeshabeba kodi ndani yake, kwa hiyo katika kila shilingi 11,800, hoteli inabaki na 10,000, VAT ya asilimia 16 ni 1,600, na ushuru wa utalii wa asilimia 2 ni 200. Mfumo huchambua wenyewe, lakini meneja wangu alinikataza kuutegemea mpaka niweze kugawanya kwa 1.18 kwenye karatasi. Namshukuru mpaka leo. Ankara ikishapita eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA, haifutiki, inabidi utoe hati nyingine ya kuisahihisha. Ndiyo maana nasoma bili pamoja na mgeni, mstari kwa mstari, kabla ya kubofya.

Saa nne, vyumba. Kwenye mfumo chumba kinaweza kuwa kichafu, kisafi au kimekaguliwa, na mimi niliyetoka huko kwenye mashuka najua kisafi si kimekaguliwa. Bomba linaweza kuwa linavuja. Sitoi ufunguo mpaka dada mkubwa wa usafi akipitishe chumba kwa simu yake.

Kuna na kisanduku cha namba ya gari la mgeni. Gari, Lamu, mji wa punda na boti! Tunaandika humo jina la boti itakayompokea uwanja wa ndege wa Manda.

Saa sita mchana meneja ananikalisha kwa somo, na somo la leo ni lile lililonitoa machozi wiki mbili zilizopita. Mama mmoja alipiga simu kutoka Mombasa: "Mwanangu, niwekee chumba usiku wa Ijumaa." Nikafungua kalenda, nikabofya Ijumaa. Alhamisi, adhana ya magharibi ikilia, mama huyo akasimama mbele yangu na mkoba wake. Vyumba vyote vimejaa.

Yeye alisema sawasawa. Kwetu siku huingia jua likichwa, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Mimi ni mzaliwa wa hapa, nimesema hivyo tangu utotoni, lakini nilipokaa mbele ya skrini nilifikiri kama skrini. Tulimpatia chumba nyumba ya jirani, hoteli ikalipa kilichozidi. Aliniambia kosa ni la kompyuta. Sikukubali na bado sikubali, maana kompyuta ilihifadhi nilichoiambia.

Saa nazo ni hivyo hivyo. Mgeni wa Uingereza akisema anaondoka "seven" asubuhi, kwenye mfumo naandika 07:00, na nahodha namwambia saa moja. Nikimpelekea nahodha ile saba ilivyo, atakuja saa saba mchana na ndege imesharuka. Nimemwomba meneja mambo haya mawili yaingie kwenye maelekezo ya wanafunzi wajao, maana kitabu cha mfumo hakikuandikwa na mtu wa pwani. Leo ameyabandika ukutani.

Saa nane intaneti inakatika. Hapa ndipo panaponitia hofu zaidi. Vyumba vyetu vinauzwa kwenye mitandao kadhaa kwa pamoja, na kuna programu inayopunguza idadi kote kila kimoja kinaponunuliwa. Mtandao ukikatika, kupunguza nako kunasimama, na chumba cha mwisho kinaweza kuuzwa mara mbili. Basi chumba kimoja hatukiweki mtandaoni kabisa, na kila asubuhi tunachapa orodha ya wanaofika. Nafanya kazi kwa karatasi hadi saa tisa kasorobo, mtandao unarudi, naingiza yote upya.

Saa kumi kasoro dakika tano simu inalia. Mzee wa Malindi, anakuja harusini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka chumba, usiku wa Jumatatu."

"Wa kuamkia Jumatatu, au Jumatatu ikishachwa?"

Ananyamaza kidogo. "Wa kuamkia, mwanangu. Jumapili hiyo."

Nabofya Jumapili, namsomea tarehe ya kufika na ya kuondoka, anaitikia zote mbili. Nakabidhi zamu.