Siku moja maishani mwangu: kupima unyevu wa unga wa mbao

Saa 1:30 asubuhi. Naanzia kwenye oveni. Sampuli zimelala humo usiku kucha kwa nyuzijoto 105, maji yametoka. Nazihamishia kwenye desiketa, chombo kinachofungwa kisiingize hewa, zipoe juu ya jeli ya silika inayonyonya unyevu, maana chombo cha moto kwenye mizani huleta uzito wa uongo.

Saa 2:30. Kupima. Vibanzi vya milimita 2 havina shida, namba inatulia. Unga laini ni habari nyingine. Ukifunua tu, tarakimu ya mwisho inaanza kupanda: 2, 3, 5, na kabla hujaandika imeshafika 9. Unga unakunywa unyevu wa hewani mbele ya macho yako. Selulosi, dutu kuu ya mbao, imejaa vikundi vya haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoshikana) ambavyo molekuli za maji hupenda kuving'ang'ania, na kwenye unga njia ya kuvifikia ni fupi. Ndiyo maana unga hupimwa ukiwa umefunikwa.

Saa 4. Kuchekecha: tundu la milimita 2, la 0.5, la 0.125. Kelele, vumbi, barakoa. Mtu akikutajia "chembe za nusu milimita", muulize zina umbo gani. Mbao ikisagwa hutoa vijiti, na kijiti kirefu kikisimama wima kinapenya kama uzi kwenye tundu la sindano. Chekeche imepima unene tu, urefu haiujui. Na urefu una uzito wake, kwa kuwa unyevu husafiri upesi zaidi ukifuata nyuzi kuliko ukizikata.

Saa 6 mchana. Mitungi. Chini kuna maji ya chumvi ya kawaida, yamekolea mpaka chumvi haiyeyuki tena. Kwa nyuzijoto 25, hewa iliyo juu yake hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Humo unyevu wa mbao hufikia takriban asilimia 14 ya uzito wake mkavu, iwe vibanzi au unga. Ukubwa wa chembe haubadilishi sana kiwango cha mwisho, hubadilisha muda wa kukifikia. (Ukisaga kwa nguvu hadi fuwele za selulosi zivunjike, hapo kiwango chenyewe nacho hupanda.)

Saa 8. Mwanafunzi ananiuliza, "Mwalimu, si tusage yote iwe vumbi tumalize mapema?"

Kwa hesabu, ana haki. Kutokana na sheria za Fick za mwaka 1855, zinazoeleza jinsi vitu vinavyosambaa, muda hukua kwa mraba wa umbali: unene ukigawanywa kwa 4, muda unagawanyika kwa 16. Kama kibanzi cha milimita 2 kinahitaji saa 8, cha nusu milimita kingehitaji nusu saa, na chembe ya 0.125 isingemaliza hata dakika 2.

Hesabu tamu, ila mizani haiikubali. Unga ukirundikwa, mvuke lazima upenye kwenye nafasi nyembamba kati ya chembe, na zile za juu zinaunyakua kwanza. Umbali unaohesabika sasa ni kina cha tabaka zima. Tena maji yakiingia, kuta za seli hutanuka na minyororo ya selulosi hujipanga upya. Kazi hiyo ina mwendo wake, hata usage vipi.

Saa 10 jioni. Namwonyesha. Visahani viwili, unga uleule: kimoja umetandazwa ukaonekana rangi ya sahani, kingine umejaa hadi ukingoni. Chembamba kimekaribia kutulia. Kilichojaa kimepitwa hata na vibanzi! Tunachota kijiko cha juu na cha chini, tunapima kila kimoja. Cha juu kimeshiba, cha chini bado kikavu.

Ripoti inayotaja ukubwa wa chembe bila kina cha tabaka mimi naiweka pembeni, hata ikiwa na grafu nzuri namna gani.

Saa 11:30. Sampuli za kesho zinaingia oveni. Kwenye lebo, chini ya ukubwa wa tundu, mwanafunzi ameshaongeza mstari: kina, milimita 3, vyombo vyote.