Namba mbili, foleni moja

Jana uwanja wa ndege wa Mwanza nusura nipande ndege ya watu. Nina boksi langu la sato, solotepu imezunguka pande zote, barafu imeanza kudondokea kiatu. Spika ikatangaza safari, namba inaishia 467. Nikajua ndiyo yangu hiyo! Nikapanga foleni, nikafika mbele, dada akatazama tiketi: "Kaka, wewe ni 476." Nikarudi kukaa, aibu tupu.

Mzee wa pembeni akacheka. Kumbe ni mwongoza ndege mstaafu.

"Mwanangu, wewe umekosea foleni tu. Rubani akidaka redioni agizo alilopewa mwenzake mwenye namba inayofanana, anaweza kushuka kwenye kimo ambacho tayari kina ndege."

Ndiyo maana rubani hurudia agizo na kutaja namba yake, na 9 (nine) kwenye redio hutamkwa "naina" isije ikasikika kama 5 (five). Namba zikifanana mno, mwongozaji huwaonya wote wawili, au hubadilisha moja kwa muda.

Nikamuuliza, ilishamtokea? Akatazama nje upande wa ziwa, kimya. Kisha: "Boksi lako linavuja."