Namba sita wetu anaomba sabu

Ndugu zangu, habari za masiku. Saa hizi ni saa kumi alfajiri, niko shifti ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee huku kaskazini mwa Uingereza, wazee wamelala, kengele zimetulia, na mimi kufukuza usingizi nimechukua karatasi nikachora uwanja wa mpira, goli huku goli kule, nikaanza kupanga kikosi cha watu wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Moja mpaka kumi na moja. Kilikuja vizuri tu, mtu anaingia kwenye namba yake kama alizaliwa nayo, mpaka nilipofika namba sita. Hapo kalamu ikagoma, nikairuka nikamalizia wengine kwanza, na ndo maana nimeona niandike.

Chama chenyewe ni kidogo, nyumba kama 40 hivi, wengi Wabongo, kuna Wakenya kadhaa na Mganda mmoja ambaye Kiswahili chake saa hizi kinawashinda watoto wetu waliozaliwa huku. Kila nyumba pauni 10 kwa mwezi. Ukiumwa tunakuja, ukifiwa tunakuja, ukifa tunakufikisha kwenu. Basi, kazi yetu ndo hiyo.

Golini nimemuweka mzee wetu na hapo sikuwaza mara mbili. Alifika nchi hii miaka ya themanini, na mpaka leo ukimkuta kakaa vizuri atakusimulia ile mechi ya Ndola ya mwaka 1979, Zambia na Taifa Stars, Peter Tino anafunga, mpira unaisha moja moja na Tanzania inaenda AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, ya 1980 kule Lagos, yani anasimulia mpaka unaona vumbi, wakati yeye aliisikiliza redioni kama wenzake wote. Halafu akangoja miaka 39 mpaka 2019 tulipofuzu tena. Hakuhama timu. Ndo maana nasema ni kipa, kipa ni mtu wa kungoja, dakika themanini hajagusa mpira na ya themanini na moja anatakiwa awe macho.

Na simu zote mbaya zinaanzia kwake. Mtu akifariki nyumbani saa mbili asubuhi, huku kipindi cha baridi bado ni saa kumi na moja, giza totoro, na ndugu wenye akili hawampigii mfiwa moja kwa moja, wanampigia mzee. Yeye ndo anavaa koti, anachukua mke wake, wanaenda kugonga mlango. Mimi alinigongea mwaka ule wa baba. Nilipofungua nikamuona kavaa kofia yake ya kitambaa saa kumi na mbili asubuhi nikajua, hata shikamoo haikutoka. Alinishika bega akaniambia kaa chini kwanza mwanangu. Sijui kwa mwaka anapiga milango mingapi ya namna hiyo, na sijawahi kumsikia analalamika.

Mabeki siwezi kuwasema bila kusema habari ya yule kijana. Mwaka juzi mwezi wa pili tulipoteza kijana wetu mmoja, alikuwa anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, anabeba boksi usiku kwenye ghala, mkimya, mkutanoni anakaa karibu na mlango. Alilala hakuamka. Mwenye nyumba ndo alimkuta. Mama yake yuko kijijini kule Tanga na alichokuwa anasema kwenye simu ni kimoja tu, nileteeni mwanangu nimzike.

Watu wa nyumbani wanaona kama ni kukata tiketi. Hapana jamani. Kifo cha ghafla cha mtu kijana huku kinaenda kwanza kwa afisa anayechunguza vifo, na huwezi kuutoa mwili Uingereza bila kumpa yeye taarifa na yeye aseme hana pingamizi. Kuna cheti cha kifo, kuna karatasi ya kwamba mwili umewekewa dawa, kuna jeneza lenye zinki ndani, kuna karatasi za ubalozi London, halafu ndo kampuni ya ndege ikubali kuupokea kama mzigo, na ukikosa karatasi moja kati ya hizo jeneza linabaki. Beki wetu wa kati ni dada mmoja anafanya kazi ya uhasibu, mpole kwa sauti ila kwenye makaratasi ni kisiki hasa. Alichukua likizo siku nne. Alikuwa anaandika kila simu, amepiga saa ngapi, kaongea na nani, kaambiwa nini, na mtu wa ofisi fulani alipotaka kumzungusha akamsomea tarehe na saa alizoambiwa mwanzo, jamaa akanyoosha. Pembeni yake nimempanga mama mmoja nesi, yeye alienda kuutambua mwili pamoja na binamu wa marehemu, maana binamu mwenyewe alikuwa na miaka 22 na hajawahi kuona maiti. Kushoto ni kaka yetu dereva wa basi. Huyo habari yake fupi: ukimwambia saa tisa usiku uwanja wa ndege, saa tisa kasoro kumi gari liko nje na hita imewashwa.

Winga kulia ni Mkenya wetu, kijana wa Kisumu, ana mbio huyo we acha. Kwenye ule msiba alizunguka miji mitatu kwa siku mbili anafuata michango mlangoni kwa watu ambao hata sio wanachama, na alikuwa hajamfahamu marehemu zaidi ya salamu. Winga kushoto wanafunzi, wanabadilishana, mmoja akiwa na mitihani mwingine anaingia. Namba nane ni wale akina mama wa jikoni, najua ni wengi kuliko nafasi moja lakini wanacheza kama mtu mmoja, sufuria zinahama kutoka nyumba hii kwenda ile na hakuna aliyepangwa. Namba kumi ni katibu, mtu wa maneno mazuri, hotuba yake pale tulipoaga mwili iliwaliza hata wale wazungu wa ghalani waliokuja kumuaga mwenzao.

Namba tisa sasa. Tunaye straika, ana biashara yake na inakwenda, na kwenye michango ya dharura yeye husimama katikati ya ukumbi akasema natoa pauni 500, watu wanapiga makofi na mkutano unaamka, waliotaka kutoa 20 wanatoa 50. Simsemi vibaya hata kidogo. Goli ni goli na bila yeye ule msiba tungekwama. Lakini nikikaa nawaza naona sisi tunakumbuka magoli tu.

Mnakumbuka Mbwana Samatta, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa Aston Villa, pale Wembley? Tarehe 1 Machi 2020, fainali ya kombe la ligi, Aston Villa na Manchester City. Tulijaa sebuleni kwa dereva wetu watu kama ishirini, na Samatta alipoupiga ule mpira kwa kichwa ukaingia, mtu mzima mwenye wajukuu aliangukia meza. Villa walifungwa mbili moja lakini sisi usiku ule tulikula kama tumechukua kombe. Sasa niambieni, ile krosi ilipigwa na nani? Nimeuliza watu wengi waliokuwepo pale sebuleni na karibu wote wanakuna kichwa. Ni El Ghazi, mwenzake wa Villa. Bila ile krosi Samatta angeruka hewani bure.

Na kabla ya krosi yoyote huwa kuna mtu aliyehangaikia mpira huko katikati, huyo ndo hata hatafutwi.

Namba sita. Wanaojua mpira wanaelewa naongelea nini. Kiungo mkabaji kazi yake ni kuziba mashimo ya wenzake, beki akipanda yeye anarudi, winga akipoteza yeye anakimbilia, pasi zake ni fupi fupi, hapewi jina na mtangazaji. Akicheza vizuri unasema leo mabeki walikuwa imara. Akikosekana ndo unaona timu nzima imefunguka katikati na hujui kwa nini.

Wetu ni mweka hazina. Mama wa miaka sitini na kitu, anaamka saa tisa usiku kwenda kufagia maofisi kabla wenye maofisi hawajaja, na ameshika daftari la chama tangu siku ya kwanza, miaka 17. Daftari la karatasi, lile gumu la kaunta buku, sasa hivi ni la tano. Kila mwezi anapiga simu nyumba 40. Hapigi kudai, anasalimia, watoto hawajambo, mgongo unaendeleaje, na mwisho kabisa ndo anasema ule mchango wetu usisahau. Watu wanadhani ni mama anayependa kuongea. Mimi nilikuwa mmoja wao na najuta, maana ni kwenye simu hizo hizo ndo anagundua nani kaachishwa kazi, nani ana wiki mbili hajatoka chumbani.

Kwenye ule msiba wa kijana kuna mtu aliuliza kwenye mkutano, na lilikuwa swali la haki kwa katiba yetu, je marehemu alikuwa mwanachama hai? Maana ukipitisha miezi sita hujalipa, chama hakisafirishi. Ukumbi ukawa kimya. Mama akafungua daftari taratibu, akavaa miwani, akapitisha kidole, akasema amelipa yote. Akalifunga. Tukaendelea na mambo ya jeneza.

Sasa mwezi wa kumi na mbili mama anarudi nyumbani moja kwa moja. Nyumba yake Morogoro imeisha, wajukuu wanamngoja, magoti yamechoka na baridi ya huku. Mkutano uliopita alisimama akasema kwa adabu kabisa, jamani naomba sabu, mtu wa kuingia badala yangu. Mwenyekiti akauliza nani atapokea daftari. Watu 60 kwenye ukumbi. Hakuna mkono hata mmoja. Wengine waliinamia simu, wengine wakaanza kuvalisha watoto makoti, straika wetu akasema yuko tayari kununua kompyuta ya chama, na moyo wake ni mzuri ila kompyuta haipigi simu kuuliza mgongo.

Nimekaa na hili wiki tatu linaniuma. Zamani mpira haukuwa na sabu kama leo, mtu akiumia mnabaki kumi mnamaliza hivyo hivyo, Kombe la Dunia lenyewe limeanza kuruhusu sabu mwaka 1970 na zilikuwa mbili tu. Leo ni tano, walianza kipindi cha korona 2020 kwa sababu wachezaji walikuwa wanachoka na mwaka 2022 wakaifanya sheria ya kudumu. Sisi huku ughaibuni bado tunacheza mpira wa zamani. Mtu akishika kazi anaachiwa mpaka achoke au afe, na benchi hakuna mtu anayepasha. Kila mmoja ana sababu na sababu ni za kweli, shifti mbili, watoto, makaratasi ya uhamiaji, lakini mama naye alikuwa na hizo hizo akiwa na umri wetu.

Jumamosi iliyopita nilienda kwake. Sikuwa nimeamua kitu, nilisema nikamuone tu. Akanipikia chai ya tangawizi, tukaongea ya nyumbani weee, halafu akaleta madaftari yote matano akayapanga mezani akasema anza na hili la mwanzo mwanangu, usiruke. Tulikaa masaa manne. Mwandiko wake mdogo umenyooka, kila jina, kila mwezi, kila pauni. Ila nikaanza kuona kitu. Pembeni ya baadhi ya majina, badala ya tiki ya peni kuna nukta ndogo ya penseli.

Nikamuuliza, mama hizi nukta ni nini?

Akasema hao usiwapigie simu za mchango, wapigie za salamu tu. Mwingine kazi imekatika, mwingine makaratasi hayajakaa sawa, mwingine ana mtoto mgonjwa huko kwao. Nikauliza sasa hao nani anawalipia? Akanyanyuka akasema chai imepoa ngoja niipashe.

Alivyokuwa jikoni nikavuta daftari la nne, nikatafuta ule mwezi wa pili wa mwaka juzi. Jina la kijana wetu lipo. Nikarudi nyuma mwezi kwa mwezi. Nukta saba, kuanzia mwezi wa nane.

Aliporudi na kikombe akakuta nimeufungua ukurasa ule. Hakusema kitu, na mimi sikusema. Akakaa, baadae akachukua penseli kwenye kikopo akaniwekea juu ya daftari. Akasema, usitumie peni hapo, siku wakipata kazi wanakuja wenyewe kulipa, unafuta unaweka tiki, na yeye mwenyewe hajui kama uliwahi kumuwekea nukta.

Mwezi huu nukta ziko sita. Nimezihesabu mara mbili, nimepiga hesabu ya shifti zangu pia, nikiongeza usiku mmoja kwa mwezi inatosha na inabaki. Jumamosi naenda tena, bado madaftari mawili hatujayapitia na anataka anifundishe nani anapenda kupigiwa asubuhi na nani jioni.

Kwenye karatasi hii namba sita nimeandika jina langu, kwa penseli. Kengele ya chumba cha mwisho inalia, ngoja niende.